Upande Usio Wangu

Madereva vijana wa Geita, siku ya kuniaga mlinikalisha kwenye kiti cha karani mkaniomba niseme neno. Nikasema asanteni, nikala wali, nikaenda nyumbani. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Ila nimeshika kalamu tangu darasa la misheni, na sasa nina muda, kwa hiyo neno lenyewe ni hili. Habari za nani alinipandisha cheo na lini sitaziandika. Hazikumsaidia mtu yeyote barabarani.

Naitwa Mabula, mtu wa Shinyanga. Udereva niliupatia jeshini wakati wa vita. Walitufundishia Kenya, halafu wakatupeleka Madagaska, na kule Mfaransa anapita kulia. Nilipita kulia miezi mingi, mpaka mikono yangu ikaamini kwamba dunia nzima iko hivyo. Niliporudi nyumbani niliajiriwa na Bwana Kanji, mfanyabiashara wa Shinyanga aliyekuwa na malori matatu. Mizigo tuliipakia stesheni ya reli na kuipeleka migodini Geita: saruji, mabomba, unga, mafuta ya taa. Siku ya kwanza niliwasha gari kwa hendeli, nikapanda, nikatoka uani na kushika mkono wa kulia kama niko Madagaska.

Pembeni yangu alikaa Mzee Ramadhani, mtu wa Ujiji, dereva mkuu wa Bwana Kanji. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akazima injini, lori likasimama katikati ya njia mbele ya maduka yote.

"Shuka," alisema.

Nikashuka.

"Tembea kwa miguu mpaka stesheni, kisha urudi. Kushoto. Miguu ikikumbuka, mikono itafuata."

Nilitembea, na wauza karanga wakinitazama. Tangu siku ile sikusahau tena upande wa Tanganyika. Nasema hivi ili mjue kwamba kosa nitakalolieleza halikutokana na kusahau. Ningefurahi kama lingetokana na kusahau.

Mzee Ramadhani alinifundisha kazi yote. Alinifundisha kugonga springi kwa nyundo na kusikia kama imepasuka, kuziba radieta kwa unga wa dengu mtu akiwa porini, na kutomwamini mpakiaji anayesema mzigo uko sawa kabla hajauzunguka. Aliswali njiani kwa saa zake, nami nikakaa kivulini mwa lori nikisubiri. Alisema swala ndiyo dawa ya injini iliyochemka, kwa sababu inailazimisha ipumzike.

Njia yetu ilipita Tinde, ikaelekea Kahama, ikapanda mpaka Geita. Nyie mnaijua ilivyo leo. Wakati ule ilikuwa ya udongo mtupu, na kiangazi iliota mikunjo ya kukingama njia nzima, kama bati la kuezekea. Tuliiita mabati. Ukiyapita polepole, kila msumari wa bodi unalia. Ukiyapita kwa kasi unaelea juu yake, na breki zinakuwa mapambo. Sasa sikilizeni. Malori yalikwenda Geita yamejaa na kurudi matupu, kwa hiyo upande wa kwendea ulikuwa mabati tupu, na upande wa kurudia ulikuwa laini. Dereva mwenye saruji tani tatu akiangalia kulia kwake anaona njia kama mkeka. Anafanya nini? Anahamia. Akiona vumbi mbele anapiga honi na kurudi kushoto. Wote tulifanya hivyo. Hatukuona kwamba ni kuvunja sheria, tuliona ni kuonea springi huruma.

Ilikuwa kiangazi, jua la saa sita, hewa haina upepo. Nilikuwa peke yangu kwenye kebini kwa sababu mwenzangu wa kupakia alikuwa ameshikwa na homa. Nilibeba saruji na mabomba. Nilipoipita Tinde, lori moja tupu lilipishana nami na kuacha vumbi lililoning'inia palepale bila kwenda popote. Nilikuwa nimekwisha kurudi kushoto kumpisha, na mabati yakaanza tena kunitikisa meno. Nikahamia kulia, ndani ya vumbi lile. Nilipiga honi mara moja. Nakumbuka vizuri kwamba ilikuwa mara moja.

Lori lililotokea lilikuwa na usukani mkono wa kushoto, la kutoka upande wa Wabelgiji, Ruanda. Lilikuwa linaleta kahawa stesheni. Lilikuwa upande wake, kushoto kwake kabisa, yaani mbele yangu uso kwa uso. Dereva wake alikata kuelekea mtaroni. Mimi nikakata kurudi upande wangu. Pua za magari zilipishana, lakini kona ya bodi yangu ilipiga nyuma ya bodi yake, lori lake likalala mtaroni na magunia yakamwagika. Mimi nilisimama hatua chache mbele, kushoto, mahali hasa panapotakiwa na sheria. Nilichanika kidogo kwenye paji la uso.

Nilimtoa dereva kwa kupitia dirishani. Taya lilikuwa limevunjika, alitoa sauti bila maneno. Katika kumvuta niliona amefunga kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Nilidhani ni hirizi. Halafu nikasikia mtu akilia upande wa pili wa magunia. Juu ya mzigo alikuwa amepanda mwanamke, abiria aliyeomba kupandishwa njiani, mwenye biashara ndogondogo ya majembe, aliyeitwa Minza. Alikuwa akirudi kwao, karibu na Tinde.

Likapita gari la mnunuzi wa pamba, tukawapakia wote wawili kwenda hospitali ya misheni Kolandoto. Minza alifia njiani, kichwa chake mapajani pangu. Aliniuliza kama tumefika Tinde. Nikamwambia tumekaribia, na tulikuwa tumekwisha kuipita.

Jioni hiyohiyo sajini wa polisi alinirudisha mahali pa ajali. Lakini kati ya mchana na jioni kundi la ng'ombe lilikuwa limepita, na kwato zilifuta alama zote za matairi. Sajini alitazama lori langu kushoto. Alitazama lori la mgeni mtaroni. Alichungulia ule usukani wa mkono wa kushoto, akatikisa kichwa.

"Hawa wa kule wamezoea kulia," alisema. "Alikuja upande wako, alipokumbuka akachelewa. Au sivyo?"

"Tulikutana ndani ya vumbi," nikasema.

"Vumbi, ndiyo." Akaandika. Akanisomea, nikatia sahihi. Katika karatasi ile hakukuwa na neno langu hata moja la uongo. Nimewahi kuisikia ikisomwa tena mahakamani, na bado sikulipata.

Bwana Kanji alinipa siku tatu za kupumzika. Alikuwa mtu mwema, nasema hivi wazi. "Mabula, shukuru Mungu," aliniambia. "Askari asipouliza, wewe usijibu. Yule ana tajiri wake kule kwao, watamsaidia." Mke wangu, Mama Shija, alinipikia uji, nikauacha upoe. Alikuwa akiniangalia ninavyokaa, basi.

Siku ya tatu nilikwenda uani. Mzee Ramadhani alikuwa chini ya lori langu akifungua springi. Alitoka, akafuta mikono kwa tambara.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimetoka Kolandoto kumwona yule mgonjwa. Anaitwa Gaspari. Ana askari kando ya kitanda. Akipona taya anapelekwa gerezani kwa kuua."

Nikaokota nyundo yake.

"Umeona kitambaa mkononi mwake?"

"Nimeona. Hirizi."

"Si hirizi. Wanaotoka kule wenye akili hufunga kitambaa mkono wa kushoto wakivuka mpaka, na hawakifungui mpaka warudi kwao. Kila wakishika usukani wanakiona: kushoto, kushoto. Wewe nilikutembeza mpaka stesheni mara moja. Yeye anajitembeza kila siku." Alikaa juu ya tairi. "Mabula, ulikuwa upande upi?"

Nilitazama springi. Nilisema, "Kulia."

"Kwa ajili ya mabati."

"Ndiyo. Lakini Mzee, sote tunafanya. Hata wewe."

"Hata mimi. Jumatatu nilipita palepale, kulia."

"Basi kwa nini iwe mimi?"

"Kwa sababu mimi sikukutana na mtu," alisema. Akarudi chini ya lori. Baada ya muda alisema kutoka kule chini, bila ukali, "Baiskeli yangu iko ukutani. Tairi la nyuma lijaze upepo kwanza."

Kolandoto si mbali na Shinyanga, ila siku ile ilikuwa mbali. Nilimkuta Gaspari amelala, taya limefungwa bendeji mpaka utosini, macho wazi. Askari aliyemlinda alikuwa akila muwa. Nilisimama miguuni mwa kitanda na kusema kwa Kiswahili, polepole, ili na askari asikie: "Wewe ulikuwa upande wako. Mimi nilikuwa upande usio wangu. Naenda kumwambia sajini." Askari aliacha kutafuna. Gaspari alinitazama muda mrefu sana. Hakunipa mkono wala hakugeuza uso. Alifumba macho tu, kama mtu aliyengoja gari siku nyingi na sasa amelisikia. Nilipotoka, askari alinifuata mpaka barazani akaniuliza kama nina wazimu.

Sajini alikasirika zaidi kwa ile karatasi kuliko kwa lile kosa, kwa sababu alilazimika kuandika nyingine.

Kesi yangu ilikuwa fupi. Hakimu Mwingereza aliuliza swali moja kwa njia ya mkalimani: kwa nini dereva mzoefu, anayejua sheria, alipita kulia? Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilipofungua mdomo yalitoka manne: "Kwa sababu palikuwa laini." Mkalimani alinitazama kama anayetaka niongeze kitu. Gaspari aliachiwa, leseni yangu ikachukuliwa, nikafungwa. Nililala ndani masika mawili. Bwana Kanji, ambaye sikumtii, alimpelekea Mama Shija unga kila mwezi na hakuwahi kunitajia. Mzee Ramadhani alikuja kila Ijumaa ya pili, akasimama nje ya ua na kunieleza habari za springi.

Kule gerezani walitutoa kufanya kazi za barabara. Tulifungia kipande cha reli nyuma ya ng'ombe, tukakiburuta juu ya mabati ili kuyasawazisha. Siku nzima unasawazisha urefu ambao lori linaupita kabla dereva hajamaliza kukohoa. Kisha malori yanakuja, na baada ya juma moja mabati yamerudi. Niliwaona madereva wenzangu wakipita kulia mbele ya macho yangu, wakinipungia mkono.

Nilipofunguliwa, kabla ya kwenda kutafuta kazi, nilikwenda kwa mama yake Minza. Aliitwa Holo, mjane, nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya Tinde. Nilimkuta anapura mtama uani. Tulisalimiana kwa Kisukuma, nikimwita mayu, yaani mama, na mazungumzo yote yakawa ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Wewe ni wa nani?"

"Ni mwenye lori. La siku ya Minza."

Alishusha fimbo ya kupuria. "Mwenye lori ni Mnyaruanda."

"Hapana, mama. Yeye alikuwa na haki. Mimi ndiye."

Hakuwa amesikia. Mahakama ilimaliza kazi yake Shinyanga, na hakuna aliyeona haja ya kwenda kumwambia mjane wa Tinde. Aliniambia nimwonyeshe. Nilichora njia mbili kwa kidole kwenye vumbi la mtama, nikaweka kipande cha gunzi hapa na kingine pale, nikasema, hili ni la kwake, hili ni langu. Alikiinua kile kipande changu, akakiweka upande mwingine, pale kilipopasa kuwa, akatazama vipande viwili vikipishana. Akafanya hivyo mara mbili.

"Nimemlaani mtu ambaye kosa si lake," alisema mwishowe. "Nilikwenda kwenye kaburi la baba yangu nikamtaja. Nimesema mdomo wake usile na nyumbani mwake asilie mtoto."

Nikasema laana hiyo aihamishie kwangu. Alinitazama kwa dharau, kama nimeomba mahali pa kukaa.

"Wewe umefungwa na serikali. Mimi sina kazi nawe. Mtafute yule aje hapa, nimfungue kwa mkono wangu. Haifunguliwi kwa barua."

Hilo ndilo agizo nililobeba katika miaka yangu yote iliyobaki. Leseni nilirudishiwa baadaye, nikaajiriwa mgodini Geita, mahali mliponikuta. Kila lori la Ruanda lililosimama penye kivuko au penye pampu nilimwuliza dereva: unamjua Gaspari, mwenye taya lililopinda? Wengine walidhani ananidai. Wengine walisema amehamia Kongo, mmoja alisema amekufa. Mzee Ramadhani alirudi kwao Ujiji na kufia huko, nami sikuweza kwenda kumzika.

Mlikuwa mkinilalamikia, najua. Mlisema Mzee Mabula anamtembeza dereva mpya kwa miguu mpaka lango la mgodi na kurudi, mbele ya wachimbaji wanaocheka. Mlisema anasimamisha gari kwenye kila vumbi, anazima injini na kusikiliza, na safari ya siku moja inakuwa ya siku na nusu. Ni kweli. Na mabati niliyapita upande wangu, springi zikavunjika, nikaziandikia ripoti. Mhandisi mmoja Mzungu aliniambia kwamba mimi ndiye dereva mwenye gharama kubwa kuliko wote. Nilimjibu ndiyo, bwana. Hakujua kwamba kuna bei nyingine.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, asubuhi moja, nilikuwa pale Kahama najaza mafuta. Lori la Ruanda likaingia. Dereva alishuka upande wa kushoto, mtu wa makamo, taya limekwenda pembeni kama mlango ulioshuka bawaba. Alinitambua kabla yangu.

"Wewe wa Kolandoto," alisema. Maneno yake yalitoka kwa shida, ila yalieleweka.

"Ni mimi. Nimekutafuta sana."

"Kwa nini?"

Nilimweleza habari za Holo, bila kuficha neno. Alisikiliza akiwa ameshika mlango wa gari lake.

"Mimi ni Mkristo," alisema. "Sisemi laana ina nguvu." Akagusa taya lake. "Mke wangu ameharibu mimba tatu. Wa nne aliishi siku mbili. Kula, nakula upande mmoja. Sisemi ni laana." Alifunga mlango. "Huyo mama yuko hai?"

"Mwezi uliopita alikuwa hai."

"Basi tangulia. Nitakufuata nyuma. Ukiona vumbi, simama."

Tulikwenda hivyo mpaka Tinde, malori mawili, moja nyuma ya lingine, yote kushoto. Holo alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu. Nilipomwambia ni nani amekuja, aliomba ashikwe mkono ainuke. Alimpapasa Gaspari usoni, akalifuata taya kwa vidole kutoka sikioni mpaka kidevuni, polepole, kama mtu anayetafuta mshono.

"Nani alimpakia Minza bure?" aliuliza. Nikatafsiri.

"Mimi," alisema Gaspari. "Alisema amechoka, na majembe ni mazito."

Holo alitikisa kichwa. Alimwagiza mjukuu wa kike alete maji kwa kata. Akayaweka kinywani, akampulizia Gaspari kifuani na mikononi, akitaja majina ya wazee wake na kusema kwamba alikosea jina, kwamba yule aliyetajwa si yeye, kwamba nyumbani mwake na alie mtoto. Gaspari, ambaye hakuelewa Kisukuma, alikuwa amevua kofia, midomo yake inatetemeka upande ule mmoja unaotii. Sikutafsiri. Nadhani haikuhitajika.

Nilirudi nyuma taratibu kuelekea kwenye gari, kwa kuwa agizo langu lilikuwa limekwisha na jambo lililobaki halikuwa langu. Nilikuwa nimekwisha kushika mlango nilipomsikia Holo akiuliza yule mwingine yuko wapi.

"Niko hapa, mayu."

"Maji yamebaki," alisema Holo. "Sogea."